Bomba Lililoitwa Dada

"Saa tatu kasoro robo!" Sista Mkuu wa wodi ya tatu aliibwaga fomu ya kuombea kipimo juu ya kibodi, pale pale vilipokuwa vidole vya msichana. "Saa tatu kasoro robo damu imetolewa. Sasa hivi saa ngapi?"

Msichana aliondoa vidole. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, lakini hakuhitaji kugeuka. "Saa tano na dakika kumi, Sista."

"Mama wa kitanda cha tisa amejifungua jana na damu haijaacha kumtoka. Ana damu tano nukta moja. Tano nukta moja, ya mtu mzima! Na benki ya damu hawatoi hata tone bila karatasi ya printa. Karatasi iko wapi? Umeikalia?"

"Subiri kidogo, Sista, naangalia..."

"Haya! Amesema!" Sista Mkuu aligeukia mlangoni, ambako wasukuma machela wawili walikuwa wamesimamisha machela tupu ili wafaidi. "Nikamwambie wa kitanda cha tisa asife kwanza, Bi Subiri anaangalia."

Wale wawili wakacheka, mmoja akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Sista Mkuu akaondoka, viatu vyake vikigonga ngazi juu ya dari ya chumba, kishindo baada ya kishindo, mpaka ghorofa ya pili.

Bi Subiri. Lile jina lilimpata mwezi wake wa kwanza, na sasa hata mlinzi wa getini alilitumia bila kujua kwamba lilikuwa tusi. Alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali nzima, miezi mitatu kazini, bado yumo kwenye kipindi cha majaribio, na chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Shangazi yake alikunja mashuka humo miaka kumi na tisa, na mpaka leo kuta zilinukia sabuni ya mche. Siku za mvua harufu iliamka kabisa, kama mtu aliyekuwa amelala tu. Shangazi ndiye aliyemlipia chuo. Shangazi ndiye aliyemshonea sketi ya kazi, na asubuhi hiyo alikuwa amemtazama akinywa chai bila kuimaliza.

"Leo ndio wanakuita?"

"Saa nane. Katibu wa hospitali. Barua ya kuniachisha kazi imeshapigwa chapa, karani wake ameniambia."

"Ameiona barua yenyewe?"

"Ameichapa yeye, shangazi."

Shangazi alimnyooshea kola, kwa vidole vyake vilivyokunjwa na baridi yabisi, kama anavyonyoosha upindo wa shuka.

Sasa msichana aliitoa ile fomu juu ya kibodi, akainua simu, akapiga maabara.

Mpimaji wa maabara, ambaye hospitali nzima ilimwita Vichupa, alipokea akiwa anatafuna kitu. "Nimeshatuma. Mashine yangu imewaka kijani. Kijani maana yake nini, binti? Maana yake mimi nimemaliza."

"Haijatoka kwenye printa ya wodi, kaka. Naomba utume tena."

"Mara ya nne wiki hii! Mimi ni mpimaji, si mwangwi." Hata hivyo alisikika akibonyeza. "Haya. Kijani tena. Na kabla hujaja wewe hatukuwa tunatuma mara mbili mbili. Nasema tu."

Msichana alingoja. Alipiga wodi ya tatu. Muuguzi mmoja akamjibu kwamba printa imetulia kama kaburi, akakata.

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa mwanamume mwenye chupa ya chai miguuni. Alikuwa mume wa kitanda cha tisa. Hakuna aliyemwambia akae pale, ila alikuwa amezifuata kelele mpaka akafika zinakoishia.

"Dada," alisema kupitia mlango uliokuwa wazi, "kinachotakiwa ni karatasi tu?"

"Ni karatasi tu, kaka."

"Basi niandikie wewe."

Hakuwa akitania. Alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Hawatakubali," msichana alisema, sauti ikawa ndogo hata yeye mwenyewe hakuipenda. "Inatakiwa itoke kwenye mashine. Nipe muda kidogo." Alijizuia kusema lile neno jingine.

Akairudia kompyuta. Ilikaa chini ya meza, ya zamani, ya mfumo wa Linux, ikinguruma kama paka mzee. Ndiyo iliyobeba majibu ya vipimo vyote. Na njia yenyewe ilikuwa rahisi, rahisi mno kiasi cha kuaibisha: programu ya maabara ilitia jibu upande mmoja, programu ya printa ikalipokea upande wa pili, na katikati yao palikuwa na kitu ambacho mafundi hukiita bomba. Bomba lenye jina. Kila wodi ilikuwa na lake, na la wodi ya tatu liliitwa "majibu". Ukilitazama kwenye folda unaona jina lake kama faili lolote, lakini ukubwa wake ni sifuri siku zote, kwa sababu bomba halihifadhi kitu, linapitisha tu. Kama upande wa pili hakuna aliyefungua kusoma, anayetaka kuandika husimama pale pale na kungoja, hata mwaka. Na kilichosomwa kimesomwa. Hakuna kurudi kukitazama mara ya pili.

Tangu chuoni alilipenda bomba kuliko vitu vingine vyote vya kompyuta, na hakuwahi kumwambia mtu sababu. Yeye pia alikuwa na maneno mengi yaliyosimama kooni yakingoja afungue mtu.

Programu ya maabara ilikuwa hai. Ya printa ilikuwa hai. Karatasi zilikuwamo, wino ulikuwamo. Kila kitu kilikuwa kizima, na jibu halipo. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Majibu mengine yalipita, mengine yalimezwa, na Vichupa akituma tena, saa nzima imekwenda, hospitali nzima ikasema kompyuta inachelewa. Alikuwa ameandika yote yaliyopotea mwezi huu, tarehe na saa na kitanda, kwenye karatasi ya mistari. Ishirini na tatu. Wiki tatu alikuwa akiitazama orodha hiyo kama mtu anayetazama maji.

Shangazi alizoea kumsimulia habari za stoo. Mashuka yakipungua, alisema, wageni wa kazi huanza kupekua makabati. Yeye hakupekua. Alichukua daftari la zamu, akaangalia nani alikuwa wodini siku ambazo mashuka yalipungua.

Ratiba ya zamu za wauguzi ilikuwa imebandikwa ukutani tangu mwanzo wa mwezi, juu kidogo ya kichwa chake. Alisimama. Akaweka orodha yake kando ya ratiba, akateremka na kidole. Yote ishirini na tatu yalikuwa ya asubuhi. Yote yalikuwa ya wodi ya tatu. Jumanne zote hakuna lililopotea, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya Sista Mkuu.

Hapo ndipo alipokumbuka. *Tano nukta moja.* Maabara haitoi jibu kwa simu. Vichupa angejikata ulimi kwanza. Printa haijatoa kitu. Sista Mkuu ameijuaje tano nukta moja?

Alikaa, akaandika amri ambayo huorodhesha nani ameshika faili gani. Alitarajia mistari miwili: anayeandika na anayesoma. Ikaja mitatu. Msomaji wa pili alikuwa akiingia kutoka kompyuta ya wodi ya tatu, kwa jina la marehemu.

Marehemu ndiye fundi aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yake. Alifariki ghafla, akiwa likizo. Katika orodha ya makabidhiano, mstari wa saba, waliandika: *Funga akaunti ya marehemu.* Siku ya kwanza msichana aliifungua ili aifunge. Akakuta humo nyimbo za kwaya, na faili la ratiba ya dawa za mkewe lililopambwa kwa rangi, asubuhi njano, jioni bluu. Mkono ukakataa. Akaweka alama ya vema kwenye mstari wa saba na kuiacha akaunti wazi, akijiambia ataifunga kesho. Alichofanya siku ile ni kufagia kidogo tu: alisimamisha kijiprogramu kimoja asichokielewa, akafuta faili moja tupu, la ukubwa wa sifuri.

La ukubwa wa sifuri.

Akaitazama tena folda: majibu, sifuri.

Angeweza kumkatia yule msomaji wa pili hapo hapo, kwa amri moja, bila kuinuka. Vidole vilikuwa tayari. Lakini Sista Mkuu angefungua tena baada ya dakika tano, na jibu la kitanda cha tisa lingemezwa mara ya tatu. Akachukua orodha yake, akajikaza kisabuni, akapanda ngazi.

Meza ya Sista Mkuu ilikuwa mwisho wa wodi, nyuma ya pazia la kijani. Kwenye skrini, kando ya ratiba ya dawa, palikuwa na dirisha dogo jeusi. Ndani ya dirisha kulikuwa na mistari sita ya majibu ya asubuhi hiyo. Kitanda cha tisa kilikuwamo mara mbili. Kando ya kibodi kulikuwa na daftari lenye jalada gumu, limefunikwa kwa plastiki kama la mtoto wa shule.

"Nani amekuruhusu nyuma ya pazia langu?"

Msichana aligeuka. Sista Mkuu alikuwa ameshika beseni.

"Sista, naomba ufunge hilo dirisha jeusi."

"Nini?"

"Hilo dirisha. Naomba ulifunge, tafadhali."

"Ongea kama mtu, usininong'oneze kama panya wa stoo."

Maneno yalimkwama. Akayasukuma. "Funga dirisha! Ndilo linalokula majibu."

Mahali fulani kijiko kikaanguka kwenye sahani ya bati.

Sista Mkuu aliweka beseni chini polepole. "Sikiliza, binti. Hilo dirisha ndilo jicho langu. Lilikuwapo kabla yako. Alinifungulia marehemu, Mungu amrehemu, siku tuliyompoteza mgonjwa jibu lake likiwa chini ya rundo la karatasi. Alisema, 'Dada, wewe hutangoja tena karatasi, utaona jibu likipita.' Na naliona! Saa tatu na nusu leo nimeiona tano nukta moja kwa macho yangu. Ndiyo maana najua kwamba unalala. Jibu limepita, mimi nimeliona, karatasi yako haiji. Hilo ndilo nitakalomwambia Katibu saa nane."

"Sista, haiji *kwa sababu* umeliona."

"Usinichezee."

"Linapita mara moja tu. Likishasomwa hapa, printa hailipati. Mkiwa wawili mnagombea. Wakati mwingine inapata printa, wakati mwingine unapata wewe." Akaikunjua karatasi ya mistari. "Haya ndiyo yaliyopotea. Tarehe nne, saa nne na dakika ishirini, kitanda cha pili."

Kwa dharau, Sista Mkuu akafungua daftari, alimoandika kila jibu aliloliona dirishani. Lilikuwa na mwandiko mzuri ajabu, herufi zimesimama wima kama wauguzi kwenye ukaguzi. Akalamba kidole, akafunua. Kidole kikasimama.

"Tarehe tano," msichana alisoma, "saa tatu na dakika hamsini. Kitanda cha kumi na nne."

Kidole kikasogea, kikasimama.

"Tarehe tano tena. Kitanda cha kwanza."

Alisoma manane. La tisa Sista Mkuu alisema, "Basi."

Aliketi. Kwa mara ya kwanza msichana aliona kwamba soksi zake zilikuwa zimeshonwa vizuri kisigino, kwa uzi usiofanana kabisa na soksi.

"Kwa hiyo unataka kusema mimi ndiye ninayewachelewesha wagonjwa wangu."

"Sijasema hivyo, Sista."

"Umesema. Umenisomea mstari kwa mstari." Sauti ilikuwa chini, nayo ilitisha kuliko kelele. "Marehemu alinifungulia miaka minne. Miaka minne haikupotea hata karatasi moja. Umekuja wewe, zimepotea. Eleza hilo."

Msichana alikuwa ameshaelewa alipokuwa kwenye ngazi ya kumi, na tangu hapo aliomba asiulizwe. "Ulikuwa ukiandika jina gani? Zamani. Kabla ya 'majibu'."

Sista Mkuu alimtazama. "'Dada'. Alinipa langu. Alikuwa na kitu kinachogawa kila jibu mara mbili, moja la printa, moja la kwangu. Nisipokuwapo, kinaniruka bila kuningoja. Wiki uliyokuja dirisha likasema hakuna faili la jina hilo. Nikaangalia folda, nikaona 'majibu', nikaandika 'majibu'. Mimi si mjinga."

"Nililifuta mimi," msichana alisema. "Lilikuwa la ukubwa wa sifuri. Nilidhani ni tupu."

Nyuma ya pazia, mgonjwa mmoja alikohoa, akasita, akakohoa tena kwa adabu.

"Hukuuliza," alisema Sista Mkuu.

"Sikuuliza."

"Una mdomo, na hukuuliza." Alinyoosha mkono, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, jinsi alivyofundishwa. Dirisha jeusi likaacha kungoja. "Haya. Piga simu kwa huyo Vichupa wako."

Vichupa alilalamika mpaka mwisho, kisha akabonyeza. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu printa ya wodi iliguna, ikavuta karatasi, ikaanza kuitema inchi kwa inchi, na Sista Mkuu aliichomoa kabla haijamaliza kutoka, akapiga muhuri akiwa anatembea. "Wewe mwenye chupa!" alipaza sauti kuelekea chini ya ngazi. "Una miguu? Kimbia na huyu muuguzi benki ya damu!"

Hakumtazama tena msichana. Alipompita, alisema tu, "Usiguse daftari langu."

Saa nane kamili walikuwa wanne kuzunguka meza ya Katibu: Katibu mwenyewe, karani wake, Sista Mkuu na msichana. Bahasha ilikuwa chini ya kikombe cha Katibu, na kikombe kilikuwa kimeiachia duara la chai.

"Kwa kifupi," alisema Katibu, ambaye alikuwa na kikao kingine. "Kompyuta inachelewesha majibu. Fundi ni huyu. Una la kusema?"

Msichana alikuwa na la kusema tangu siku yake ya kwanza kazini. "Kulikuwa na wasomaji wawili kwenye bomba moja," alianza. "Wa pili alikuwa akiingia kwa akaunti ya marehemu. Nilitakiwa kuifunga. Niliweka alama ya vema kabla sijaifunga, na sikuifunga."

Karani aliacha kuandika. Katibu akainua nyusi. "Yaani ulisaini uongo."

"Ndiyo."

"Na huyo msomaji wa pili ni nani?"

Feni ya dari ilizunguka. Msichana aliona, bila kugeuza shingo, plastiki ya daftari iking'aa mapajani mwa Sista Mkuu.

"Swali ni rahisi, binti. Nani?"

"Mimi," alisema Sista Mkuu, kwa sauti ya kuwaitia wagonjwa vidonge. Aliliweka daftari mezani. "Yaliyopotea yote yamo humo. Na huyu alinifutia njia yangu bila kuniuliza. Karani, andika yote mawili. Usiandike moja."

"Sista," alisema Katibu, "unaelewa unachokisema?"

"Nilikuuliza wewe kama ulielewa ulichokifanya ulipompa mtoto wa watu hospitali nzima na chumba cha mashuka? Kitanda cha tisa amewekewa chupa ya pili ya damu sasa hivi. Nina wodi." Akainuka.

Katibu alilifunua daftari, kurasa mbili, tatu. Alikunja uso kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. Aliitoa bahasha chini ya kikombe, akaipangusa, akaitia kwenye droo. Hakuichana. "Nitaamua Ijumaa," alisema. "Kwenu nyote wawili."

Chini ya ngazi, benchi lilikuwa tupu. Msichana alifunga mlango. Kwanza alinakili nyimbo za kwaya na ratiba ya dawa kwenye diski ndogo, akaandika juu yake *Kwa mama, mke wa marehemu*. Kisha akaifunga akaunti. Ilichukua sekunde moja.

Baadaye akakirudisha kile kijiprogramu, mstari kwa mstari, akikisoma safari hii, na kukielewa, na kuona aibu mahali alipokielewa. Ndani yake marehemu alikuwa ameacha maneno machache: *dada akiwa hayupo, usimngoje.* Akatengeneza bomba jipya, akalipa jina la zamani. Folda ikaonyesha: dada, sifuri. Akaandika namna mpya ya kuliingia kwenye kikaratasi, akampa msukuma machela aliyemcheka asubuhi akipeleke wodi ya tatu. Yule alikipokea bila kucheka, ingawa si kwa heshima pia.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tisa. Zamu ya Sista Mkuu ilikuwa inaisha saa tisa.

Kabla ya kuunganisha majibu, ilibidi ajaribu. Aliandika mstari mmoja wa kulipitisha bomba, akaufuta, akaandika mwingine. *Sista, samahani kwa kutouliza.* Akabonyeza.

Skrini ikasimama. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Upande wa pili hakuna aliyefungua. Kialama kilibaki mwisho wa mstari wake, kikipepesa, hakishuki. Msichana aliondoa mikono, akaiweka mapajani juu ya sketi ya shangazi. Kuta zilinukia sabuni. Huko juu milango ya makabati ilifungwa mmoja mmoja, sauti za kukabidhiana zamu zikapanda na kushuka, halafu vile viatu vikaanza kutembea, kishindo baada ya kishindo, kuelekea kwenye ngazi.

Vikasimama.

Vikarudi.

Huko juu wodini kiti kiliburutwa. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, naye hakugeuka kuitazama. Alikitazama kialama, na kialama kikashuka mstari mmoja, kikaanza kupepesa mahali papya, patupu.